Je, Kuutilia Mashaka Umoja wa Nchi ni Kosa?

Wazee wetu walitufundisha ya kuwa umoja ni nguvu na utengano ni udhaifu. Hakuna aipingaye methali hiyo. Watoto huikariri shuleni, viongozi huitaja majukwaani, nasi tunaoandika magazeti twaikimbilia kila mara. Walakini linapotajwa jambo la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki ziwe na soko moja, sarafu moja, na mwishowe serikali moja ya shirikisho, watu wale wale hunyamaza au hutikisa kichwa. Akiwapo mmoja wa kusema, huuliza: “Na ardhi yetu, je?” Katika bonde la Kilombero, tangu Kidatu hata Mlimba, swali hilo lasikika kuliko vigelegele. Wako wasemao kwamba kuuliza hivyo ni ujinga. Wengine husema ni choyo, na wengine tena husema ni kukosa upendo kwa jirani. Leo twataka kuupima usemi huo. Je, mtu anayeutilia mashaka umoja wa nchi anakosa? Au mashaka yake yana haki ya kusikilizwa?

Kwanza tuliondoe neno moja njiani. Haiwezekani kusema kwamba watu wa bonde hili hawajui kukaa na wengine. Wandamba, Wapogoro, Wambunga, Wabena, Wahehe na Wangindo wameoleana hapa kwa vizazi vingi. Wakaja watu wa mikoa mingine kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Kidatu na katika reli, wakaja Wasukuma na Wamasai na mifugo yao. Sokoni Ifakara muuza mchele haulizi kabila la mnunuzi. Huuliza kilo ngapi. Basi mashaka tunayoyazungumza hayatoki kwa watu waliojifungia ndani wakamwogopa kila apitaye njiani. Yana sababu zake, nazo yafaa tuzitazame moja moja.

Sababu ya kwanza ni kumbukumbu. Umoja huu si jambo jipya lililobuniwa jana. Mwaka 1960, kabla nchi yetu haijapata uhuru, Mwalimu Nyerere alisema yu tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili tupate uhuru pamoja na Kenya na Uganda tukiwa shirikisho. Tarehe 5 Juni 1963, viongozi wa nchi tatu walitangaza Nairobi kwamba shirikisho litaundwa kabla mwaka haujaisha. Mwaka ukaisha, shirikisho halikuundwa. Mwaka 1967 ulitiwa saini Kampala mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya hiyo haikuwa maneno matupu. Ilikuwa na reli zake, bandari zake, posta na simu zake, na shirika lake la ndege. Makao makuu yalikuwa Arusha, reli zikaongozwa kutoka Nairobi, bandari kutoka Dar es Salaam, posta kutoka Kampala.

Ilidumu miaka 10. Kenya ilikuwa na viwanda vingi kuliko wenzake, nazo Tanzania na Uganda zikanung'unika kwamba faida ya soko yaelekea upande mmoja. Mwaka 1971 Idi Amin alimwondoa Obote, Mwalimu akakataa kuketi naye, na tangu hapo wakuu wa nchi tatu hawakukutana tena katika kikao chao. Tanzania ilikuwa imeshika njia ya ujamaa, Kenya imeshika nyingine. Mwezi Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na mwaka huo huo Jumuiya ikafa. Mpaka haukufunguliwa tena hata mwaka 1983, na mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa saini mwaka 1984, baada ya usuluhishi mrefu wa Dk. Victor Umbricht, raia wa Uswisi.

Tuulize sasa: ni nani aliyelipa gharama ya kuanguka huko? Wakuu walibaki wakuu. Waliolipa ni makarani, mafundi wa reli, watu wa posta na wa bandarini, waliokuwa wameiamini Jumuiya kiasi cha kuikabidhi ujana wao. Hapa Tanzania wengi wao walidai mafao yao kwa miaka mingi, wakafika hata mahakamani, na wako waliokufa wakingali wakidai. Mtoto aliyemwona baba yake akirudi kila mara kutoka Dar es Salaam na bahasha ile ile ya karatasi, hawezi kuambiwa leo kwamba umoja ni nguvu, kisha akapiga makofi mara moja. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tusimcheke kwa kushtuka kwake, aliumwa kweli.

Sababu ya pili ni ardhi, na hapa bondeni ndiyo iliyo kubwa kuliko zote. Jumuiya mpya, iliyoundwa kwa mkataba wa Arusha wa tarehe 30 Novemba 1999, ilipotaka kuharakisha shirikisho la kisiasa, wananchi waliulizwa maoni yao katika miaka ya 2006 na 2007. Walio wengi katika Tanzania walikataa kuharakishwa. Walitaja mambo mengi, lakini ardhi ilitajwa tena na tena. Serikali ikasikia, na katika itifaki ya soko la pamoja, iliyoanza kazi mwezi Julai 2010, iliandikwa kwamba mambo ya ardhi yatafuata sheria za kila nchi. Na sheria zetu za ardhi za mwaka 1999 hazimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi, ila kwa ajili ya uwekezaji na kwa utaratibu maalumu.

Kwa hiyo, mtu wa mjini aweza kusema, hofu hiyo imekwisha kujibiwa. Lakini mtu wa Kilombero anajua jambo ambalo wa mjini halijui. Bonde hili huonekana tupu kwa mtu apitaye wakati wa kiangazi. Kumbe si tupu. Mto hufurika, maji yakipungua watu hulima mpunga, mahali pengine huvua samaki, mahali pengine hulisha mifugo; kila kipande kina mwenyewe kwa majira yake. Ardhi ya namna hiyo ni rahisi kuchukuliwa kwa kalamu na mtu asiyeijua. Shamba kubwa la mpunga la Mngeta, lenye hekta zaidi ya 5,000, lilianzishwa kwa ushirikiano wa nchi yetu na Korea ya Kaskazini, likaja baadaye mikononi mwa kampuni iliyotoka Uingereza, na wakulima waliokuwa wamekwisha kuanza kulima humo wakahamishwa. Mwaka 2002 ardhi oevu ya bonde iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu kwa dunia nzima. Mwishoni mwa mwaka 2012 wafugaji wengi wakaondolewa bondeni pamoja na ng'ombe wao.

Hatusemi kwamba maamuzi hayo yote yalikuwa mabaya. Twasema tu kwamba hakuna hata moja lililofanywa na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Yote yalifanywa na nchi yetu wenyewe. Hapo pana mafundisho mawili. La kwanza, mtu ambaye hakusikilizwa vema na ofisi iliyo karibu naye ataamini vipi kwamba atasikilizwa na ofisi iliyo mbali zaidi? La pili, yule adhaniye kwamba ardhi yake itakuwa salama madhali shirikisho limekataliwa, ajidanganya. Ardhi hulindwa na mihutasari ya mikutano ya kijiji iliyoandikwa kwa haki, na viongozi wasiohongeka, na wanakijiji wanaoijua sheria. Palipokosekana hayo, hata nchi moja yatosha kumpokonya mtu shamba lake.

Sababu ya tatu ni kanuni zisizoshikwa sawasawa. Tuchukue mchele, kwa kuwa ndio uhai wa Ifakara. Nchi za Jumuiya zilipatana tangu mwaka 2005 kutoza ushuru mmoja kwa bidhaa zitokazo nje, na kwa mchele walipatana asilimia 75, ili mkulima wa ndani apate soko kwa jirani yake. Lakini Kenya imekuwa ikiomba na kupewa ruhusa ya kutoza asilimia 35, na mchele wa Pakistan ukaingia humo kwa wingi. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu ya kuvu. Mkulima wetu akiyasikia hayo husema: “Soko la pamoja ni la pamoja siku wanapotaka wao.”

Walakini haki haitazami upande mmoja. Mwaka 2017 ni sisi tulioteketeza vifaranga 6,400 kule Namanga, kwa kuwa vilitoka Kenya bila kibali. Mwezi Julai 2025 ni sisi tuliowakataza wasio raia biashara ndogo ndogo za namna 15, na mojawapo ni kununua mazao shambani. Wengi walifurahi, na sababu ya kufurahi ipo. Kijana mwenye kibanda kidogo hawezi kushindana na mwenye mtaji mkubwa. Lakini mkulima wa mpunga ajiulize vilevile: wanunuzi wakipungua shambani, ni nani atakayepanga bei? Wakenya nao waliposikia amri hiyo walisema maneno yale yale tusemayo sisi, ya kwamba soko la pamoja ni la pamoja siku wanapotaka Watanzania. Basi kila mmoja amshuku mwenzake, na kila mmoja ana ushahidi mkononi.

Sababu ya nne ni kutoulizwa. Muungano wetu wa Tanganyika na Zanzibar, wa tarehe 26 Aprili 1964, ndio umoja wa nchi uliodumu kuliko wowote mwingine katika sehemu hizi, na twashukuru kwa amani ambayo umetuletea. Hata hivyo ungali ukibishaniwa. Mambo ya Muungano yalikuwa 11 katika hati ya kwanza, yakafika 22 katika Katiba. Tume ya Jaji Nyalali, Kamati ya Jaji Kisanga na Tume ya Jaji Warioba, zote zilikuta malalamiko ya watu wa pande mbili. Na mlalamikaji wa Unguja au Pemba, ukimsikiliza vizuri, mara nyingi hasemi kwamba amchukia mtu wa bara. Husema kwamba jambo liliamuliwa bila yeye. Kadhalika Bunge la Afrika Mashariki lililoko Arusha. Kila nchi hupeleka wajumbe 9 wa kuchaguliwa, lakini wawachaguao ni wabunge. Ni wasomaji wangapi wanaoweza kuwataja wajumbe wetu watatu kwa majina? Na mkataba wa 1999 ulikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, Kiswahili kikawa lugha ya mawasiliano ya kukuzwa. Ni vizuri kwamba wakuu wa nchi wamekubali baadaye kukipa Kiswahili heshima yake, maana mtu hawezi kuuamini mkataba ambao asomewa na mwingine.

Zaidi ya hayo, Jumuiya imepanuka upesi. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, na Somalia ikawa mwanachama kamili mwaka 2024. Sasa ni nchi 8. Lakini mwezi Januari 2025 mji wa Goma ulitwaliwa na waasi wa M23, na Kongo inaishtaki Rwanda kwamba huwasaidia, nayo Rwanda inakana. Nchi mbili za meza moja zinashtakiana damu. Mtu mwenye akili akiyaona hayo, je, asisite?

Sasa turudi kwenye swali letu. Twaona kwamba mashaka ni ya namna mbili, nazo hufanana kwa nje kama mapacha.

Kuna mashaka ya busara. Wakulima wote waijua lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba juu, likahesabiwa kuwa gunia moja. Sheria huikataza, nayo ingali ikirudi kila mavuno. Mkulima asemaye, “Tupime kwa mizani,” hamtukani mnunuzi. Hasemi kwamba kila mnunuzi ni mwizi. Ataka biashara ifanyike, lakini ataka ifanyike kwa kipimo ambacho wote wawili wanakiona. Mashaka ya namna hiyo si dhambi. Ni wajibu, hasa kwa baba wa familia, kwa kuwa akidhulumiwa hatalala njaa peke yake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye kuyadharau mashaka hayo, akayaita ujinga, huwa mara nyingi ndiye mwenye faida katika lumbesa.

Kuna mashaka mengine, ya chuki. Huyu hataki mizani. Ukimwonyesha sheria ya ardhi, hasomi. Ukimweleza hesabu, hufunga masikio. Yeye amekwisha kuamua kwamba Mkenya ni mjanja, Mrundi ni mkimbizi, Mkongo ni mtu wa vita, na hapana neno litakalombadili. Hayo ni kumhukumu mtu kwa kosa ambalo hakulifanya, na kumhukumu mwenzio bila ushahidi ni dhuluma, hata kama umefanya hivyo moyoni tu.

Njia ya kuyatambua ni nyepesi. Mashaka ya busara huuliza swali linaloweza kujibiwa, nayo yakijibiwa hutulia. Mashaka ya chuki hayaulizi. Yakijibiwa huhama upande wa pili na kuanza upya. Nayo hayakomei mpakani. Hapa bondeni twalijua jambo hili kwa uchungu. Wako waliozoea kusema juu ya wageni wa nchi nyingine, kisha wakasema maneno yale yale juu ya mfugaji Msukuma, ambaye ni raia kama wao, na kesho watayasema juu ya mtu wa kata ya pili. Shamba likiharibiwa na ng'ombe, kosa ni la mwenye ng'ombe na alipe. Si la kabila lake. Atakayeanza kumgawa binadamu kwa hofu hatajua mahali pa kuacha. Kwa hiyo mwanasiasa ajaye kwenu kutafuta kura kwa kuwatisha na majirani, mwulizeni kwanza amefanya nini juu ya lumbesa, na mipaka ya vijiji, na bei ya pembejeo. Mara nyingi mtaona kwamba jirani ametajwa ili hayo yasitajwe.

Je, mashaka ya busara hutulizwa na nini? Hayatulizwi na hotuba. Tuitazame reli ya TAZARA ipitayo Ifakara. Ni mali ya nchi mbili, Tanzania na Zambia, iliyojengwa kwa mkopo wa Wachina katika miaka ya 1970, urefu wake kilomita 1,860. Imeugua sana, mizigo ilipungua, wafanyakazi wakachelewa kulipwa, na mwaka 2025 nchi hizo mbili zilitia saini mkataba na kampuni ya Kichina ili ifufuliwe. Hata hivyo haikufa kama ilivyokufa Jumuiya ya kwanza. Wala hatujapata kusikia mtu wa Mlimba au Mang'ula akisema kwamba Mzambia atamnyang'anya shamba kwa sababu ya reli. Kwa nini? Kwa sababu umoja huo una kazi inayojulikana. Watu wameupanda, wamepakia ndizi na mpunga humo, wamelalamika ulipochelewa. Wanaujua kwa uzuri na ubaya wake. Umoja unaoaminiwa ni ule ambao watu wamekwisha kuutumia.

Twafikiri basi kwamba wanaotaka shirikisho wafanye mambo matatu kabla ya kudai imani ya watu. Waseme kwa lugha ya watu, nao waseme yote, hasara pamoja na faida. Kwa maana hakuna soko lililofunguliwa ambalo halikumwumiza mtu fulani, na aliyefichwa hasara yake leo hataamini faida yake kesho. Washike kipimo kimoja kwa wote, hata kinapomwumiza mwenye nguvu. Mahakama ya Afrika Mashariki ipo Arusha tangu mwaka 2001, na hukumu zake ziheshimiwe na serikali zote, yetu ikiwa ya kwanza. Tena waandike mapema ni nani atakayewalipa watumishi wadogo siku mambo yatakapovunjika. Huenda wengine wataona ni kisirani kuzungumza talaka siku ya arusi. Lakini sisi tulikwisha kuachana mara moja, na walioumia twawajua.

Nasi wananchi tuna deni letu. Anayedai kuulizwa yampasa awe na jibu. Twende kwenye mikutano ya kijiji hata siku isiyo ya ugomvi. Tuisome sheria ya ardhi, au tuombe tusomewe na vijana wetu walio shuleni. Uvumi ukitufikia, tumwulize aliyeuleta ameupata wapi kabla hatujaupeleka kwa jirani. Tukifanya hivyo, siku tutakapoulizwa tena kama tulivyoulizwa mwaka 2007, jibu letu litakuwa na uzito, liwe ndiyo au liwe hapana.

Kukataa haraka si kukataa safari. Mtu anayetaka kujua kina cha mto kabla ya kuwavusha watoto wake hana kosa, wala hachukii ng'ambo. Mwenye kosa ni yule ajuaye penye kina akanyamaza, na yule ambaye hata akionyeshwa penye kivuko huwakataza wengine wasivuke kwa sababu tu hawapendi wakaao upande wa pili.